Hoho za Kumwonjesha Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimeanza kuwa tajiri. Naandika mapema ili watu wasije wakadai walinisaidia.

Tumerudi kutoka Dutwa, ukweni. Mama mkwe, Bibi Nyamizi, ametangaza kwamba magoti yamemchoka, na bonde lake la kando ya mto atamwachia mmoja wa wakwe zake wawili. Bonde lile! Maji hayakauki hata Septemba, wakati sisi huku Bariadi mjini tunanunua kwa ndoo. Wakwe wenyewe ni mimi, Januarius, dalali wa pamba msimu ukiwepo na dalali wa chochote msimu usipokuwepo. Na mwanyumba wangu Yakobo, mwalimu wa Mwamanyili, aliyemwoa mdogo wa mke wangu Minza. Yakobo ni mtu mwema sana. Kila anayemfahamu husema hivyo, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza.

Sharti ni moja. Kila mkwe aoteshe pilipili hoho kwa mbegu, nyumbani kwake, mpaka zizae. Pamba, alisema mama mkwe, hata mvivu anapata. Anapuliza dawa na kulala. Hoho inataka mtu wa kuamka. Na malimbuko, yaani matunda ya kwanza, yasionjwe na mtu yeyote kabla yake.

Aliyasema hayo akiwa ndani, sisi tukiwa nje tumeupa mlango mgongo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, wala hawapeani kitu mkononi. Maneno yalipitia kwa mdogo wake, Mzee Bujiku, ambaye hurudia kila sentensi ingawa wote tumeshaisikia. Mbegu zikaletwa zimefungwa kwenye kitambaa, fundo moja kwa kila mkwe. Fundo la Yakobo lilionekana nono kuliko langu. Nimenyamaza. Kwa sasa.

Mipango: bonde nitalikata vipande, nitakodisha, nitakaa kwenye kiti chenye mgongo. Watu watakuja kunisalimia. Nimechoka kusalimia watu kwanza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeangalia video. Kijana mmoja anasema mbegu za hoho zinataka joto. Yeye zake kaziweka kwenye kitambaa kibichi juu ya kisimbuzi cha televisheni, zikachipua. Nimefanya hivyo hivyo. Sasa televisheni haizimwi, kwa sababu za kilimo.

Minza aliuliza kwa nini tusizipande tu kwenye kopo lenye udongo na samadi, kama mama yake anavyofanya miaka yote. Nikamweleza kwa upole kwamba ndiyo maana magoti yamemchoka mama yake. Chakula cha jioni kilichelewa.

Jumapili, 9 Machi

Mbegu zilikuwa zimeanza kutoa vijino vyeupe! Kisha Yakobo akatuma picha kwenye kundi la familia: kopo la rangi, udongo, na mche mmoja umeinamisha kichwa. Chini yake kaandika, Mungu ni mwema.

Nikaona hapa panatakiwa haraka. Kama joto la kisimbuzi linachipusha kwa wiki, joto la bati litachipusha kwa siku. Hesabu nyepesi. Nikapandisha kitambaa juu ya paa, tukaenda misa.

Bati la Bariadi saa saba mchana halioteshi kitu. Linakaanga. Mbegu nilizikuta kahawia, na zilikuwa zinanukia vizuri. Nikaziweka chini ili nifikiri. Nikiwa nafikiri, kuku akazila. Kuku mwenyewe ni wa Minza, haruhusiwi kuchinjwa kwa sababu anataga. Aliondoka anajifuta mdomo mchangani, hana hata aibu.

Kumwomba mama mkwe mbegu nyingine haiwezekani. Ningemwambia nini, na kwa mdomo wa nani? Mzee Bujiku angerudia mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Jirani yetu Mama Wilhelmina, nesi mstaafu, ana hoho zinazozungumzwa mpaka parokiani. Miche anayo. Tatizo ni kwamba miche ya hoho hampi mtu. Zamani alimpa mama mmoja wa jumuiya, ikafa kwa kiu, akaomboleza wiki nzima. Tangu hapo hoho ni za sahani yake, za padri na za wagonjwa.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilikwenda na uongo uliopikwa ukaiva. Nilimwambia hoho sizitaki kabisa. Nataka miche ya pilipili kali, kali ya kutisha, kwa ajili ya tembo. Shamba la marehemu baba mkwe lililoko Meatu, upande wa hifadhi, tembo wamelimaliza. Na kila mtu anajua tembo hapendi kupita penye kamba iliyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu. Hapo nikashusha sauti. Nikasema familia imeshalisahau lile shamba, ila mimi bado linaniuma. Machozi yalinilengalenga. Nilijishangaa mwenyewe.

Ukweli ni kwamba shamba hilo sijui hata njia ya kufikia. Nia yangu ilikuwa kuingia uani kwake. Nikishaingia, macho yake yakienda pembeni, miche itahama.

Mama Wilhelmina alinitazama, akasema, Baba Goodness, kumbe ndivyo ulivyo! Goodness ni binti yetu, yuko shule ya bweni, na kwa bahati nzuri hajui baba yake alivyo. Akaniambia nirudi Jumamosi, atakuwa ameniandalia.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi!

Nilikuta miche ya aina mbili. Pale mlangoni, kwenye kopo la mafuta ya kupikia, vimiche vyembamba, vya manjano, vinaomba msamaha wa kuzaliwa. Juu ya meza ya matofali, kwenye chupa za maji zilizokatwa, miche minene, majani yanang'aa, imemwagiliwa na kuwekewa kivuli cha chandarua kuukuu. Sikuhitaji bwana shamba wa kunieleza. Vile vibovu ni vya tembo; vizuri ni hoho zake.

Akaingia ndani kutafuta mfuko. Nikazikumbatia chupa zote, nikapandisha kopo mezani badala yake. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Akatoka ghafla, akanikuta hivyo hivyo. Nikajua nimekwisha. Yeye akatabasamu, akasema, ndiyo hiyo hiyo, bhabha, kumbe umeshaiona mwenyewe. Akaniongezea samadi ya mbuzi.

Uzee ni kitu kibaya. Mtu hatambui hata hoho zake! Nikasema wabeja, mayu, yaani asante, mama, nikaondoka kabla hajavaa miwani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua nzuri. Miche inapanda. Minza aliuliza imekuwaje mbegu zilizoliwa na kuku zikaota. Nikamwambia chache zilibaki mfukoni. Alinitazama kama anavyowatazama wauza dawa za meno kwenye basi.

Anaimwagilia asubuhi na jioni, anapalilia, anaua wadudu kwa majivu. Mimi nasimamia. Bila msimamizi kazi haiendi.

Nimetuma picha kundini, mimi na miche. Minza nimemkata pembeni, umebaki mkono wake tu na ndoo. Nikaandika, Subira yavuta heri. Yakobo akajibu kwa mstari wa Biblia. Nikamjibu kwa mrefu zaidi. Akaleta zaburi nzima. Bando langu likaisha, naye akabaki kundini peke yake na Bwana.

Jumanne, 27 Mei

Matunda! Ya mviringo, mafupi, yana mikunjo mikunjo, na moja limeanza kuwa jekundu. Hoho za Yakobo kwenye picha ni kubwa kuliko hizi, lakini picha hudanganya, hasa za walimu.

Minza aliyachunguza, akauliza hoho gani hizi zimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Nikamwambia ni za kisasa. Akataka kuonja ncha tu. Nikaruka kati! Malimbuko! Mama yako kasema yasionjwe, na mimi na mila hatutaniani. Kusema kweli, katika maisha yangu hili ndilo sharti la kwanza nililolishika lote bila kuruka hata kipande. Nahisi linanipendeza.

Jioni mbuzi wa jirani alipenya uani, akanusa tunda moja, akatoka mbio. Hata mbuzi ana adabu. Nilimsifu kundini.

Ijumaa, 20 Juni

Mama mkwe ameshaonja za Yakobo. Habari imeletwa kundini na Yakobo mwenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa, mara tatu. Alikula mbili, akasema ni tamu. Keshokutwa ni zamu yangu.

Nimepaka chokaa mawe ya bustani. Kuku nimemfungia stoo, atafakari.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Hili bonde nalitaka mpaka tumbo linauma, na si kwa ajili ya kukodisha tu. Ukweni mimi ndiye mkwe anayepewa kiti kilichovunjika mguu. Na Minza ndiye dada ambaye shangazi zake humuuliza, kwa ile sauti ya msibani, mumeo siku hizi anafanya nini. Yeye hujibu kwamba anahangaika, halafu anaangalia vidole vyake. Ningependa siku moja ajibu bila kuangalia vidole.

Jumapili, 22 Juni

Naandika kwa jicho moja.

Mama mkwe alifika asubuhi na Mzee Bujiku. Akakaa uani, mgongo kwa mlango. Mimi nikakaa sebuleni nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa: nasikia yote, sioni lolote. Minza akampelekea sahani yenye tunda kubwa kuliko yote, jekundu, na chumvi na kisu pembeni. Kisu alikikataa. Malimbuko ya mkwe hayakatwi, alisema. Akauma.

Kikohozi kidogo. Mzee Bujiku akauliza kuna nini. Akajibu hakuna. Akauma tena. Nilifurahi, maana anayeuma mara ya pili amependa. Nikasikia anavuta pumzi kwa meno. Akauma tena. Kisha nikasikia analia, kilio cha chini chini, cha mtu mzima. Nilipiga ngumi hewani huko nyuma ya pazia. Analia kwa ajili ya hoho zangu! Yakobo hajawahi kumliza mtu, labda wanafunzi.

Kwa sauti iliyokauka akasema wabeja. Kilichobaki sahanini kilikuwa kikonyo.

Mzee Bujiku, kama shahidi, naye akapewa la kwake. Yeye si mama mkwe wangu, hana heshima ya kunilindia. Alitafuna mara moja tu. Mayu wane, mama yangu! Kiti kikaanguka, ndoo ikaanguka, na kwa mbali hata redio ya jirani ikazimwa. Nikaona huyu mzee ana maigizo. Nikachukua tunda moja lililokuwa limebaki kwenye bakuli sebuleni, nikauma nusu, nimwonyeshe.

Hapa nimeacha nafasi kwa sababu sikumbuki. Najua masikio yalizibuka. Najua nilijifuta jicho kwa vidole vile vile. Maji yote yalikuwa uani, na mama mkwe alikuwa uani, na mila ni mila. Niling'ata pazia.

Ndipo Mama Wilhelmina akaja na jagi la maziwa mgando, amesikia kelele. Akaona kikonyo, akashika kichwa. Jamani, hizi si za kula! Hii ni pilipili mbuzi, kali kuliko zote alizo nazo. Alimchagulia Baba Goodness miche bora kabisa kwa ajili ya tembo, akampangia mezani penye kivuli, hoho zake mwenyewe zilizougua akaziweka pembeni mlangoni. Mama mkwe akauliza tembo gani. Na Mama Wilhelmina, Mungu amsamehe, akaeleza yote. Shamba la marehemu kule Meatu. Kamba. Oili chafu. Jinsi sauti yangu ilivyoshuka. Jinsi machozi yalivyonilenga.

Kwa hiyo nimeiba zawadi yangu mwenyewe.

Nikasikia kuku anakuna mlango wa stoo. Halafu mama mkwe akaomba kitenge chake. Alisema asichelewe basi la Dutwa.

Jumatatu, 23 Juni

Minza haongei. Chai haina sukari. Nilipouliza sukari iko wapi, alinisogezea bakuli la pilipili.

Yakobo ameandika kundini kwamba anawaombea wote waliopatwa na tatizo la tumbo mjini Bariadi. Emoji za mikono, tele.

Naona aibu. Nimejaribu kuona kitu kingine nikashindwa. Mama wa watu mwenye magoti mabovu amekula moto mzima, mpaka kikonyo, ili asinitemee malimbuko. Na mbegu alizonipa nilimlisha kuku.

Jumamosi, 28 Juni

Tumeitwa Dutwa, wakwe wote. Nilipewa kiti kile kile. Nikaupa mlango mgongo nikisubiri kuchinjwa. Mzee Bujiku alianza kurudia maneno, na mdomo wake bado una uvimbe kwa juu. Sikumtazama.

Kwanza: bonde ni la Yakobo. Mbegu alizopewa alizipanda, akazilea, zikazaa. Yakobo akasema hastahili. Hakuna aliyempinga wala aliyemkubalia, akalazimika kulipokea.

Pili. Mama mkwe alisema mbegu zake yule mkwe wa Bariadi hakuzipanda. Hilo yeye ameliona, maana pilipili mbuzi haizaliwi na hoho. Nikafumba macho. Lakini tangu mumewe afariki, alisema, hakuna mtoto wala mkwe aliyewahi kulitaja shamba la Meatu. Mzee alilifyeka kwa mikono yake, tembo wakalila, na familia ikasema basi. Yeye husikia uchungu kila msimu wa kulima, hasemi. Kumbe kuna mkwe aliyekuwa anaumia pamoja naye. Akaenda kuomba miche kwa jirani, kimya kimya, hakutangaza kundini wala hakupiga picha. Sauti yake ikakatika. Mzee Bujiku akasema, sauti yake imekatika.

Basi shamba la Meatu, lote, kubwa kuliko bonde mara nyingi, ni la Januarius. Na kuhusu pilipili, alisema ameila mpaka mwisho, anaweza kuapa: tembo hapiti hapo.

Vigelegele! Shangazi wakaimba. Mtu akanibadilishia kiti, nikapewa chenye mgongo. Nikalia. Watu wakasema ni shukrani, mwacheni alie. Nilikuwa nawaza tembo anasimama juu kiasi gani akiwa amekasirika.

Wakati wa kuondoka shangazi mmoja alimuuliza Minza mumeo siku hizi anafanya nini. Akajibu, analilinda shamba la baba yangu. Hakuangalia vidole.

Jumapili, 29 Juni

Chai ina sukari. Na maziwa pia.

Minza ameniambia miaka yote hii alidhani ameolewa na mtu wa maneno tu, na sasa anaomba radhi. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli. Nilifungua mdomo. Akaweka chapati ndani yake. Nikaona ni ishara.

Mama Wilhelmina amekuja na miche mingine, meza nzima, na bunda la kamba. Anasema kazi yangu imemgusa. Mzee Bujiku amepiga simu: nategemewa Meatu kabla ya mvua za kwanza, nilale pale pale shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia, kwa sababu tembo huja wakati wowote wanapojisikia. Alirudia.

Nimekaa nikawaza kama mtu mzima. Somo la yote haya liko wazi: mpango wangu ulikuwa mzuri, ila haukuwa mkubwa vya kutosha.

Halafu Yakobo katuma picha kundini. Yuko bondeni, kakunja suruali, maji yanampita miguuni, hoho zinang'aa kila upande. Mungu ni mwema.

Tembo, nimesoma, hatembei kwa ubaya, anafuata chakula. Pilipili inamfukuza upande mmoja, basi lazima kitu kimwite upande mwingine. Nimeangalia ramani kwenye simu: kutoka Meatu mpaka bondeni Dutwa si mbali kwa mwenye miguu minne. Na tembo hunusa tikiti maji lililoiva akiwa mbali sana.

Kilichobaki ni kupata matikiti, na mtu wa kuyapanga njiani.